Pikipiki Inayolala Sebuleni

Mwenye duka alichovya kijiko kwenye ndoo ya aiskrimu, akakiinua hadi usawa wa macho, na yeye na mleta aiskrimu wakatazama yaliyomo yakidondoka polepole kurudi yalikotoka.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Vanila," alijibu Barafu.

"Nakuuliza tena. Hii ni nini?"

"Ilikuwa aiskrimu, mzee. Pikipiki imenizimikia njiani."

"Mimi niliagiza aiskrimu. Kama ningetaka maziwa ningenunua ng'ombe."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua sabuni aliuliza kama hiyo ya kunywa inauzwa kwa glasi. Duka zima likacheka. Barafu akacheka nao kidogo, kwa adabu, kisha akazibeba ndoo zake mbili na kuzirudisha kwenye sanduku jeupe lililofungwa nyuma ya pikipiki. Jina la Barafu alikuwa amelipata kwa kazi hiyo ya kusambaza aiskrimu kutoka bohari hadi madukani, na alilipenda mpaka siku hiyo.

Chanzo cha aibu kilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, yenye picha ya injini. Tangu pikipiki inunuliwe, taa hiyo ilikuwa ikiwaka anapofungua swichi, kisha inazimika, kama mwanafunzi anayeitika jina lake na kuketi. Wiki hiyo iliitika na kubaki imesimama. Ikiwa imewaka, pikipiki ilikwenda vizuri barabara ikiwa wazi, lakini akipunguza mwendo injini ilitetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Ikishanyamaza haikutaka kuamshwa. Madereva waliompita walimpa ushauri, na hakuna ushauri uliofanana na mwingine, isipokuwa ule wa kumtaka atoke barabarani.

Aliisukuma mpaka kwa fundi.

*

Fundi aliitwa Daktari kwa sababu alikuwa amenunua mashine ya kusomea makosa ya injini. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja, ina kioo na waya mmoja, naye aliihifadhi ndani ya taulo dogo safi, kitu pekee kisicho na grisi katika karakana ile. Kabla ya kuinunua, alikuwa akizitibu taa za namna hiyo kwa kuzibandika tepu nyeusi, na wateja wengi waliridhika.

Alichomeka waya chini ya kiti, akainua kidole.

"Usiseme neno. Inasoma."

Walingoja. Kioo kikaandika herufi moja na tarakimu nne.

"Inasemaje?"

"Inasema hivyo hivyo unavyoiona."

"Maana yake nini?"

Daktari alitoa simu, akatafuta, akasoma midomo ikichezacheza. "Sensa," alisema hatimaye. "Ile inayoiambia injini umefungua mafuta kiasi gani. Injini inaletewa habari za uongo. Wewe umefungua kidogo, yenyewe inaambiwa umefungua sana. Inachanganyikiwa, inazima."

"Nani anaidanganya?"

"Sensa."

"Na sensa inadanganywa na nani?"

"Hapo sasa mashine haifiki." Alibonyeza kitufe. Taa ya chungwa ikazimika.

"Imepona!"

"Imesahau," Daktari alisahihisha. "Nimelifuta kosa kwenye kumbukumbu yake. Ikikumbuka tena, tutabadilisha sensa."

Alimtajia bei ya sensa mpya. Barafu akacheka, akidhani ni mzaha. Daktari hakucheka.

*

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya mama mkwe. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na pikipiki ililala sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kiti cha mama mkwe, kwa sababu pikipiki zilizolala nje katika mtaa ule zilikuwa na tabia ya kuamkia kwingine. Mama mkwe aliikubali kwa sharti moja.

"Kwangu hapa hakuna anayeingia kulala bila kuoga," alisema. "Sijali ana miguu au ana magurudumu."

Na hakuridhika kutoa amri tu. Aliiogesha mwenyewe. Kila jioni alikaa uani kwenye kigoda, ndoo ya povu upande huu, brashi ya matairi upande ule, na mswaki wa zamani wa mnyororo. Akimaliza kusugua, alichukua mpira wa maji uliofungwa kwenye bomba, akaubana mdomo kwa kidole gumba hadi maji yakatoka kama sindano, na kuyaelekeza chini ya tenki, mahali ambapo mkono haufiki.

"Huku ndiko uchafu unakojificha," alimwambia mkwewe. "Watu wengi wanaosha panapoonekana."

"Kweli, Mama," alijibu Barafu, akiwa amesimama na kipande cha sabuni mkononi, kwa kuwa haikumpendeza kukaa huku mama wa mkewe akimwoshea chombo chake. Mara kadhaa mwanzoni alijaribu kumpokonya brashi. Mama mkwe alimtazama, naye akairudisha.

Pikipiki ile, kwa nusu yake, ilikuwa cherehani. Akiba ya Barafu ilipokwama, mama mkwe aliuza mashine aliyoshonea nguo za watu maisha yake yote, akaongezea kilichopungua, na tangu hapo hakuitaja tena. Lakini jioni zake, ambazo zamani zilijaa vipimo na vifungo, sasa zilikuwa tupu. Alikuwa nazo na alikuwa na ndoo.

Asubuhi iliyofuata pikipiki ilitoka ikimeremeta. Barafu alifungua swichi. Taa ikaitika, ikabaki imesimama.

*

Msimamizi wa bohari alivaa koti zito mchana kutwa, maana ofisi yake ilipakana na chumba cha baridi. Hakumwambia Barafu aketi.

"Jumamosi asubuhi tuna oda ya shule. Wanagawa zawadi kwa wanafunzi. Sanduku zima, ndoo kwa ndoo. Mkuu wa shule ni shemeji yangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bosi."

"Hunielewi. Shemeji yangu ananidharau tangu siku ya harusi. Nikimpelekea maziwa ya moto atayasimulia mpaka nitakapozikwa." Alijifunga koti vizuri. "Nitakuwa mwenyewe kwenye geti la shule. Aiskrimu ikifika imeyeyuka, sanduku linafunguliwa kwenye pikipiki yako na kufungwa kwenye ya mwingine. Hapo hapo."

Sanduku lilikuwa mali ya kampuni. Bila hilo Barafu angekuwa kijana mwingine mwenye pikipiki kwenye kona, akiwapigia honi watu wanaotembea kwa miguu.

*

Halafu maji yakakatika mtaani.

Mabomba yalikauka bila taarifa, kama kawaida, na kilichokuwa kimebaki kwenye madumu kiliwekwa kwa ajili ya kupikia. Mama mkwe aliitandikia pikipiki magazeti, akakigeuza kiti chake kutazama ukutani ili asiione.

"Inanuka," alisema.

"Ni oili kidogo tu, Mama."

"Mimi sijasema ni nini. Nimesema inanuka."

Lakini barabarani mambo yalikuwa mazuri. Daktari alikuwa ameifuta tena kumbukumbu ya injini, na safari hii haikukumbuka. Barafu alisimama kwenye taa za njia panda, na injini ikanguruma taratibu chini yake kama paka aliyeshiba. Alipeleka ndoo ngumu kama mawe. Alipita kwa Daktari kumshukuru, na Daktari akazipokea shukrani zote, hata zile zisizomhusu.

Maji yaliporudi, mtaa mzima ulipiga kelele za furaha. Mama mkwe aliiosha pikipiki mara mbili, ya pili ikiwa fidia. Asubuhi taa ikawaka.

Barafu aliipiga dashibodi kofi. Mkewe, aliyekuwa mlangoni akifunga viatu kwenda kazini, alisimama akamtazama. Alikuwa karani wa stoo, mtu aliyezoea kujua nini kiliingia na nini kilitoka.

"Taa ilizimika lini?" aliuliza.

"Juzi, Daktari alipoifuta."

"Alikwisha kuifuta kabla ya hapo, ikarudi. Juzi kulikuwa na nini kingine?"

"Hakukuwa na kitu. Hata maji hayakuwepo."

"Na imewaka lini?"

"Si leo? Jana mchana ilikuwa nzima. Maji yamerudi jana jioni, Mama akaiosha, nikaiingiza ndani…"

"Endelea," alisema mkewe.

"Usiniambie."

"Sikuambii. Unajiambia mwenyewe."

Walipiga magoti na kuchungulia chini ya tenki kwa tochi ya simu. Pale ambapo sindano ya maji ilielekezwa kila jioni palikuwa na soketi ndogo ya waya. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umechanika, na ndani yake tone lilikuwa limekaa, safi kabisa.

*

"Mwambie," alinong'ona Barafu.

"Nani? Mimi? Pikipiki ni yako."

"Mama ni wako."

"Nikimwambia mimi atasema umenituma."

"Na nikimwambia mimi atanyamaza. Unamjua akinyamaza."

Mkewe alimjua. Mara ya mwisho mama yake alinyamaza kwa sababu Barafu aliongeza chumvi kwenye chakula alichopikiwa naye kabla ya kukionja. Walikula bila maongezi mpaka pakiti ile ya chumvi ikaisha.

"Basi usimwambie," alisema mkewe. "Mpelekee msimamizi maziwa."

Barafu alichagua njia ya tatu, ambayo ni ujanja. Aliifunga soketi kwa mfuko wa nailoni na kamba ya raba, akaiingiza pikipiki uani akipiga mluzi. Jioni alisikia sauti ya mama mkwe kutoka chini ya tenki.

"Nani amekuja kutupa takataka humu ndani? Watu hawana aibu!" Mfuko ukaruka juu, ukatua karibu na ndala za Barafu. Kisha sauti ya maji, kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kesho yake aliiacha kwa kinyozi wa jirani, akarudi nyumbani kwa miguu na kusema ameiacha huko, ina pancha. Mama mkwe alichukua ndoo na brashi, akaondoka. Aliporudi, alianika kitambaa chake kwenye kamba.

"Nimeiosha huko huko," alisema. "Ukiiacha kwa watu ikiwa chafu watasema kwetu hakuna maji. Na pancha sikuiona."

*

Ijumaa mchana jua liliikausha pikipiki, na Daktari akaifuta kumbukumbu kwa mara nyingine, akimkumbusha habari ya sensa mpya. Barafu aliingia uani taa ikiwa imezimika na injini ikiwa nzima. Alichohitaji ni kitu kimoja tu: pikipiki isiguswe na maji mpaka kesho. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, mpira mkononi.

"Mama," alisema Barafu, bila kushuka. "Leo naomba isioshwe."

"Haitaki?"

"Si kwamba haitaki."

"Inaumwa?"

Barafu aliona upenyo. "Eeh. Inaumwa."

"Basi mgonjwa ndiye wa kuogeshwa zaidi. Shuka."

Dirishani mkewe alikohoa, kikohozi cha mtu ambaye hana mafua. Barafu alivuta pumzi, na maneno yote yakatoka kwa mkupuo.

"Mama, ni maji. Yanaingia hapa chini ya tenki. Kuna soketi, mpira wake umechanika. Ikilowa, sensa inaidanganya injini, injini inazima, aiskrimu inayeyuka. Kesho ikiyeyuka wananinyang'anya sanduku."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sikusema ni wewe, Mama. Nimesema ni maji."

"Maji yana mikono?"

Mkewe alitokea mlangoni. "Mama, maji yalipokatika ile taa…"

"Wewe tulia. Kwako sijafika." Alisimama. Hakuonekana na hasira. Alikuwa na uso ule aliokuwa nao zamani mteja akimwambia gauni limebana, uso wa kutafuta futi ya kupimia. "Washa."

"Mama…"

"Nimesema washa. Tuione."

Barafu aliwasha. Taa iliitika, ikazimika, injini ikanguruma kwa utulivu. Mama mkwe alifungua bomba, akaubana mpira kwa kidole gumba, akainama, na kuielekeza ile sindano ya maji pale pale alipoielekeza siku zote. Alifanya hivyo kama mshonaji anavyouvuta mshono kwa nguvu kuona kama umeshika.

Injini iliendelea kunguruma. Mama mkwe akainua macho kumtazama mkwewe, na tabasamu dogo likaanza kwenye pembe ya mdomo.

Ndipo injini ikakohoa. Ikatetemeka. Taa ya chungwa ikawaka, na uani kukawa kimya, isipokuwa matone yaliyodondoka chini ya tenki.

"Kumbe," alisema mama mkwe.

Alifunga bomba, akaukunja mpira wake duara kwa duara.

"Na sasa," alisema mkewe Barafu kwa sauti ya karani, "imelowa."

*

Daktari aliwaelekeza kwa simu. Wachomoe soketi, wasitumie kisu cha jikoni, wafute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, waiache wazi mpaka asubuhi. Mama mkwe alimpokonya mkwewe simu katikati ya maelezo.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukibandika tepu?"

"Ilikuwa zamani, Mama."

"Basi sema polepole."

Vitambaa visivyotoa nyuzi alikuwa navyo, vilivyobaki kwenye ushonaji wake, akavikata vipande vyembamba na kuvisokota kwa mate na vidole hadi Barafu akasema mate hapana, akavisokota vikavu. Alivipenyeza ndani ya soketi kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuwa mikono ya Barafu ilikuwa minene. Nyumba ilikuwa na feni moja, nayo ilimpepea yeye. Aliibeba kutoka chumbani kwake, akaiweka sakafuni sebuleni, akaielekeza kwenye soketi.

"Mama, na joto hili?" alisema Barafu.

"Mimi siyeyuki," alijibu, akafunga mlango wake.

Asubuhi soketi ilikuwa kavu. Barafu aliirudisha, mama mkwe akaifunga kwa kitambaa na uzi, mafundo madogo yaliyolingana. Injini iliwaka kwa mguso wa kwanza. Taa nayo iliwaka, na haikuzimika.

Daktari aliulizwa kwa simu. "Ni kumbukumbu ya jana tu," alisema. "Au bado mbovu. Bila mashine siwezi kujua, na mimi mpaka saa nne niko safarini."

Aiskrimu ilitakiwa getini saa tatu. Barafu alivaa kofia ngumu. Aligeuka, akamkuta mama mkwe amevaa ya akiba, ile ya abiria, mkoba begani na furushi la vitambaa vikavu mkononi.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Niliyeilowesha ni mimi. Ikizima, nani atakufutia? Sogea mbele."

Nafasi kati ya Barafu na sanduku ilikuwa ndogo. Mama mkwe alipanda, akaweka mkoba wake katikati, kati ya kifua chake na mgongo wa mkwewe, kwa heshima, na safari ikaanza hivyo, wote wawili wamenyooka kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Mkewe Barafu aliwatazama mpaka walipopinda kona, kisha akaketi kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu.

Walipakia ndoo boharini. Barabara ikajaa. Kwenye njia panda, pale ambapo injini ilikuwa imemfia kila mara, taa nyekundu iliwasimamisha kati ya lori na basi.

"Inawaka?" aliuliza mama mkwe kutoka nyuma ya mkoba.

"Inawaka, Mama."

"Injini inazima?"

"Bado."

"Usiseme bado. Sema haizimi."

Injini ilitetemeka. Barafu alihisi mtetemo huo kwenye magoti, na mkoba ukamkandamiza uti wa mgongo.

"Haizimi," alisema.

Haikuzima.

*

Msimamizi alikuwa getini bila koti, na Barafu alichelewa kumtambua, alivyokuwa mwembamba. Kando yake alisimama mkuu wa shule, mikono nyuma, akiwa na sura ya mtu aliyekuja kuthibitisha jambo alilolisema zamani. Msimamizi hakusalimia. Alitazama dashibodi.

"Taa inawaka."

"Ndiyo, bosi, lakini…"

"Nilikuambia nini?"

Mama mkwe alishuka. Alivua kofia, akaiweka sawa nguo yake, akasimama kati ya msimamizi na pikipiki.

"Hiyo ni kumbukumbu," alisema. "Inakumbuka makosa yangu, si yake. Nilikuwa naimwagia maji mahali pasipotakiwa. Yeye aliogopa kuniambia."

Barafu aliangalia chini. Katika miaka yote hakuwa amewahi kumsikia akilitamka neno hilo, makosa, likiwa lake.

"Na wewe ni nani?" aliuliza msimamizi.

"Mkwewe. Mimi ndiye niliyekuwa naiosha."

Msimamizi alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia mwendesha pikipiki. Ya kumwambia mkwe wa mwendesha pikipiki hakuwa nayo. Alifungua sanduku, akafunua ndoo ya juu, akachomeka kijiko. Kijiko kikapinda. Alimgeukia shemeji yake, akamwonyesha kijiko kilichopinda, na akakishikilia hewani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zishushe," alimwambia Barafu, akiwa bado anamtazama shemeji yake. "Na Jumatatu uwahi. Ile njia ya kusambazia hospitalini nayo haina mtu, utaichukua wewe."

Mwalimu mmoja aliyekuwa akizipokea ndoo alimchotea mama mkwe bakuli, kwa kuwa ndiye mtu mzima pekee aliyekaa chini. Alichukua kipande kikubwa, akakiuma. Ghafla akaacha kutafuna, akashika shavu.

"Mbona ngumu hivi?" alilalamika, sauti ikisikika mpaka getini. "Mnataka kuwavunja watu meno?"

"Samahani, Mama," alisema Barafu. Alikuwa ameomba samahani kwa watu wengi wiki hiyo, na hiyo ndiyo ya kwanza aliyoifurahia.